Kiko cha Maji na Majani Yasiyo Tumbaku: Darsa kwa Anayetaka Kuanza



Limetufikia swali kutoka Timau, katika bara ya Meru, kwa ndugu mmoja mtu wa pwani ambaye riziki imempeleka huko. Asema kwamba yeye na wenziwe wanaokaa chumba kimoja wamenunua kiko cha maji, ambacho siku hizi huitwa shisha. Aliyewauzia amewaambia kuwa kinachotiwa ndani ni majani matupu yenye harufu nzuri, hamna tumbaku hata chembe, na kwamba moshi ukipita majini hutakata. Baridi ya huko ni kali, na jioni ni ndefu kwa mtu aliye mbali na kwao. Basi ataka tumfundishe mambo mawili: namna ya kukitumia kwa mtu anayeanza, na kama kuna ubaya wowote katika dini.

Swali hili ni jema, kwani mwenyewe ameuliza kabla ya kuvuta, na wengi huuliza baada ya kuzoea. Tena si swali la mtu mmoja. Mombasa, Malindi, Lamu na Unguja, vijana wetu wa kiume na wa kike wanaambiwa maneno yaya haya: maji husafisha, majani hayadhuru. Kwa hiyo twalijibu kwa mpango, tukianza na chombo, kisha maji, kisha majani na makaa, ndipo tufikie hukumu.

CHOMBO CHENYEWE

Chombo hiki si kigeni kwetu. Wazee wetu walikuwa nacho, na lugha yetu ina jina la kila kiungo chake. Edward Steere, aliyetoa kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliyaandika majina hayo. Bori ni kikombe cha juu kitiwacho kinachovutwa. Digali ni mrija ushukao kutoka borini mpaka ndani ya maji. Kiko chenyewe ni kile kibuyu chenye maji. Shilamu ni mrija wa kutia kinywani. Na ule mlio wa maji wakati wa kuvuta huitwa malio ya kiko. Shisha ya leo ni kiko kile kile. Ila kibuyu kimegeuka chupa ya kioo, na shilamu imekuwa mpira mrefu.

Wala Afrika ya Mashariki haikukijua jana. Katika pango la Lalibela, Uhabeshi, wachimbuzi walipata bori za udongo zinazokadiriwa kuwa za karne ya 14, nazo zina mabaki ya bangi. Hizo ni siku ambazo tumbaku ilikuwa bado haijavuka bahari kutoka Amerika. Basi msomaji aone kwamba kuvuta majani yasiyo tumbaku kwa kiko si uvumbuzi wa leo.

Sasa tutazame kinavyotumika. Majani hutiwa borini, yamechanganywa na sukari au asali na glisirini ili yashike unyevu na kutoa moshi mwingi. Juu yake hutandazwa karatasi nyembamba ya bati yenye vitundu, na juu ya karatasi huwekwa kaa la moto. Mtu akivuta kwa shilamu, hewa hupita kwenye kaa, ikaingia katika majani, ikashuka kwa digali, ikatokota ndani ya maji, ikapanda juu ya maji, ikaja kinywani na kuingia kifuani. Hiyo ndiyo njia nzima. Anayetaka kuanza na aishike njia hiyo moyoni, kwa maana madhara yote tutakayoyataja yamo katika njia hiyo.

KAZI YA MAJI

Watu wengi hudhani kuwa maji huosha moshi kama yaoshavyo nguo. Lakini tazama yanayotokea. Moshi hauchanganyiki na maji. Hupita ndani yake kwa mapovu. Kila povu ni kama kifuko: ngozi yake ya nje ndiyo iguswayo na maji, na moshi uliomo katikati hupanda kama ulivyo. Tena hewa ya sumu itokayo katika makaa, iitwayo kaboni monoksaidi, ni hewa isiyoyeyuka katika maji ila kidogo mno. Maji huweza kunasa sehemu ndogo ya uchafu. Lakini kazi yao kubwa ni kuupoza moshi.

Na kupoza huku ndiko kunakomdanganya mtu. Moshi wa sigara huwasha koo, na koo likiwashwa humwambia mwenyewe aache. Moshi wa kiko ni wa baridi na una harufu ya matunda, kwa hiyo koo hunyamaza, na mtu huvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Hivyo maji hayakuiondoa khatari. Yameinyamazisha tu sauti ya kuonya.

Shirika la Afya Duniani lilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 2005. Mvuta sigara huvuta mara 8 hadi 12, akapata moshi wa kiasi cha nusu lita au kuzidi kidogo. Mvuta kiko hukaa dakika 20 hadi 80, akavuta mara 50 hadi 200, na kila mvuto huweza kufika hata lita moja. Basi na tuhesabu kwa kadiri ya katikati: mivuto 100, kila mmoja nusu lita, ni lita 50 za moshi. Nazo ni sawa na moshi wa sigara 100. Hatusemi kwamba kila aina ya sumu huzidi mara 100, kwani sumu hazilingani. Twasema kifua kimoja kimebeba moshi huo wote katika kikao kimoja.

MAJANI NA MAKAA

Atasema msemaji: "Hayo ni ya tumbaku, sisi twavuta majani matupu." Jawabu ni kwamba tumbaku ina kitu kimoja ambacho majani mengine hayana, nacho ni nikotini, ile inayomfunga mtu kwa mazoea. Lakini lami ya moshi haitoki katika tumbaku peke yake. Kila jani na kila sukari ikiunguzwa hutoa lami. Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Marekani kilichoko Beirut walichapisha matokeo ya kupima moshi wa kiko chenye tumbaku na moshi wa kiko kisicho tumbaku. Walikuta nikotini imeondoka, lakini lami, kaboni monoksaidi na sumu nyinginezo zimebaki kwa kiasi kilichokaribiana.

Na sababu yake si ngumu kuijua. Juu ya bori kuna kaa la moto. Hata ukitia borini jani la mnanaa, hata ukiliacha bori tupu, bado wavuta pumzi ya makaa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu ikishikwa nayo haiwezi tena kupeleka oksijeni katika moyo na ubongo. Ndiyo maana wako waliozimia katika kikao cha kiko, na wenzao wakadhani ni "kulewa" kwa harufu nzuri.

Huenda mtu akauliza: "Mbona sisi twafukiza udi na ubani kwa makaa majumbani mwetu?" Twajibu kwamba hakuna atiaye chetezo kinywani akavuta kwa muda wa saa nzima. Hata hivyo, mwenye kufukiza na afungue dirisha, khasa palipo na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu.

Liko na jambo jingine. Shilamu moja huzunguka vinywa vingi, na maradhi ya kinywa na ya kifua, kama kifua kikuu, huweza kupita kwa njia hiyo. Na anayevuta bori lililotayarishwa na mwingine hana njia ya kujua kilichomo. Leo aambiwa ni majani ya matunda. Kesho likichanganywa na tumbaku au bangi, ile harufu nzuri itaficha yote.

KHATARI YA CHUMBA CHENYE BARIDI

Sasa twamrudia ndugu yetu, maana mahali alipo panaizidisha khatari. Timau ni mji mdogo kando ya barabara ya Nanyuki na Meru, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa pwani aliyezoea kulala madirisha wazi akifika huko hufunga mlango na dirisha, akaziba na nyufa kwa matambara. Wenyeji wa nchi za baridi waijua vema khabari ya jiko la makaa liliolala ndani ya chumba kilichofungwa, watu wasiamke asubuhi. Kaa la kiko ni ndugu wa kaa la jiko. Watu wanne wakikizunguka kiko katika chumba kilichofungwa, kila mmoja huvuta sumu kwa shilamu, kisha huivuta mara ya pili katika hewa ya chumba. Na asiyevuta aliyelala pembeni hupata fungu lake. Tena katika nchi za juu hewa ni nyepesi na oksijeni ni chache, kwa hiyo damu haina akiba kubwa ya kupoteza.

Kwa hivyo kila akaaye karibu na makaa, ya kiko au ya jiko, na azijue dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, viungo kulegea, akili kuchanganyikiwa. Wakiumwa wawili watatu kwa pamoja chumba kimoja, wasiseme ni chakula. Wafungue mlango na madirisha, wamtoe mgonjwa nje penye hewa safi, na wampeleke hospitali kwa haraka wakaeleze kwamba palikuwa na makaa.

MANENO YA WANAVYUONI

Tumbaku ilipoingia katika nchi za Waislamu, karibu na mwaka 1000 wa Hijra, wanavyuoni walikhitilafiana. Huko Misri Ibrahim al-Laqani, aliyefariki mwaka 1631, aliikataza. Na Ali al-Ajhuri, aliyefariki mwaka 1656, aliiruhusu. Nao wote wawili ni wa madhehebu ya Maliki. Katika Mashafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, Shihabuddin al-Qalyubi, aliyefariki mwaka 1659, alikuwa katika waliokataza. Na huko Damascus Abdulghani an-Nabulsi, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kuitetea.

Mtu asiyafanye maneno ya walioruhusu kuwa ngao bila ya kuangalia msingi wake. Walioruhusu walijengea juu ya kwamba jambo asili yake ni ruhusa mpaka madhara yathibiti, na katika zama zao madhara yalikuwa hayajathibiti. Leo yamethibiti kwa vipimo. Hukumu hufuata sababu yake. Sababu ikibadilika, asiyebadilika amefuata mazoea wala hakufuata wanavyuoni. Kwa njia hiyo Mufti wa Misri, Nasr Farid Wasil, alitoa fatwa mwaka 2000 kwamba kuvuta sigara ni haramu. Na mambo mawili aliyoyategemea kila aliyekataza ni mashuhuri: Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara aya ya 195, anatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. Katika mambo hayo hapana tofauti baina ya jani liitwalo tumbaku na jani liitwalo jina jingine. Hukumu haikuwekwa juu ya jina. Imewekwa juu ya madhara.

SHERIA ZA NCHI

Mwenye kuuliza ajue pia kwamba Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na Kenya ikatoa kanuni za kuikataza tarehe 28 Desemba 2017. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuiondoa marufuku hiyo, lakini ikaipa Wizara ya Afya miezi 9 izitengeneze kanuni zake. Mnamo Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa, kwa kuwa kanuni zile zilikuwa hazijakamilishwa ipasavyo. Wako waliofurahi wakasema: "Sasa ni halali." Huo ni upungufu wa fikira. Mahakama ilitazama utaratibu wa kanuni, haikupima moshi. Na kifua hakisomi hukumu ya hakimu.

JAWABU LETU

Basi jawabu kwa ndugu yetu ni hili. Katika swali la kwanza, tumemfundisha chombo, viungo vyake na njia ya moshi, naye akiijua njia hiyo hatahitaji kufundishwa kuvuta. Katika swali la pili twaona kwamba kiko cha maji, kiwe na tumbaku au majani, ni jambo la kuepukwa kwa sababu ya madhara, na kukivuta ndani ya chumba kilichofungwa ni kuchezea roho yake na roho za wenziwe. Na kiondoke chumbani kabla ya yote, kwa kuwa kilicho karibu na mkono hakikosi kushikwa.

Na wenziwe wakimwambia kwamba anavunja baraza, asivunje. Kilichowakutanisha ni upweke wa ugenini, na upweke una dawa njema. Birika la chai ya tangawizi huwatia joto wanne kwa gharama ndogo, na mazungumzo huwa yale yale. Aliyekwisha zoea kiko chenye tumbaku asikate tamaa: na apunguze, aepuke kikao, na amwone mganga wa hospitali, kwani nikotini ni kifungo na kufunguliwa kwataka msaada.

Nasi wazee tulioko nyumbani tuna sehemu yetu. Twawapeleka vijana bara kutafuta maisha, twawauliza khabari ya mshahara, wala hatuwaulizi khabari ya jioni zao. Tuwaulize. Na tunapofanya arusi zetu, tusikipambe kiko katika baraza la wageni kisha tukamlaumu kijana aliyejifunza hapo.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atulinde sisi na watoto wetu. Amin.