SOMO: GHALA LA MBEGU KATIKA MWILI WA MWANAMUME

1. Nyumba isiyo na mtoto

Mume na mke wamekaa katika ndoa miaka mitano, wala hawakupata mtoto. Katika vijiji vingi mashtaka huanza upesi. Ndugu za mume hunong'ona, mama mkwe hununa, na mwishowe mke huambiwa afunge mizigo yake arudi kwa wazazi. Mume hakuulizwa neno, wala hakupimwa. Lakini waganga wa hospitali wamehakikisha ya kuwa, katika nusu hivi ya nyumba za namna hii, upungufu uko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Basi anayemfukuza mke kabla ya kumpima mume amehukumu bila ushahidi, na huo ni udhalimu.

2. Jinsi mbegu zinavyofanyika

Mkulima mwenye akili hali mahindi yake yote. Huchagua yaliyo mazuri, huyatundika juu ya moshi wa jikoni wadudu wasiyaharibu, nayo ndiyo mbegu ya kupanda mvua ikirudi. Ndivyo ulivyo mwili wa mwanamume. Ndani ya korodani zimo chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli shina. Chembe hizo hugawanyika. Nyingine hubaki kuwa shina, kama mahindi ya ghalani. Nyingine hukua polepole, kwa muda wa siku 70 hivi, hata ziwe mbegu za kiume zenye kichwa na mkia.

Ghala likiungua, hakuna cha kupanda. Dawa kali za kutibu saratani na mionzi yaweza kuziua seli shina. Vivyo hivyo matumbwitumbwi yakimpata mtu mzima huweza kudhuru korodani. Wako pia waliozaliwa bila seli hizo. Lakini mara nyingine ghala limejaa, ila njia imezibwa, kama kwa ugonjwa wa kisonono usiotibiwa. Mambo haya mawili hayana dawa moja. Kwa hiyo kupimwa hutangulia dawa.

3. Uchunguzi wa wataalamu

Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huko Marekani, walitwaa seli shina za panya mmoja, wakazitia katika korodani za panya aliye tasa. Seli zile zikashika mahali pake, zikaanza kazi, na panya tasa akazaa watoto wenye asili ya panya wa kwanza. Mwaka 2012 wataalamu wa Pittsburgh walionyesha ya kuwa hata nyani waliofanywa tasa kwa dawa kali waliweza kupata mbegu tena kwa njia hiyo.

Kwa wanadamu kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwezi wa Januari 2025 hospitali moja ya Bruseli, nchini Ubelgiji, ilitangaza ya kuwa imemrudishia kijana kipande cha korodani yake, kilichokatwa alipokuwa mtoto, kabla hajapewa dawa kali, kikahifadhiwa katika baridi kuu. Mwaka huohuo wataalamu wa Pittsburgh walitoa habari za kijana mwingine aliyerudishiwa seli shina zake mwenyewe. Hata siku ya kutolewa habari hizo, mbegu zilikuwa hazijaonekana katika manii yake. Ni matumaini, wala si dawa iliyothibitishwa.

4. Mambo ya Kolwezi

Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, waligundua madini chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo hata uani. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wataalamu wa Leuven, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika miili ya wakazi, zaidi sana watoto. Uchunguzi mwingine, wa Lubumbashi, uliotolewa mwaka 2020, uliona ya kuwa watoto wenye kasoro za kuzaliwa walikuwa wengi zaidi kwa baba wanaofanya kazi ya madini. Uchunguzi huo haukuhusu utasa. Lakini baba mwenye busara atajihadhari. Na aoge, avue nguo za vumbi kabla ya kumpakata mtoto, wala asisagie madini uani.

Tena ajihadhari na wadanganyifu. Mtu akija sokoni akiuza sindano ya seli shina ya kuponya utasa, anauza kitu ambacho wataalamu wenyewe hawajakithibitisha. Mbuzi na baiskeli vitakwisha, na mtoto hatapatikana.

5. Mafundisho ya Kanisa

Kanisa linasifu uchunguzi unaotafuta kuondoa utasa, mradi usiharibu uhai wa mtoto aliyekwisha tungwa, wala usiweke kazi ya maabara mahali pa tendo la ndoa. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yafundisha ya kuwa utasa hauzuii ndoa wala hauivunji. Zakaria na Elizabeti walizeeka bila mtoto, na walikuwa wenye haki mbele ya Mungu.

Maswali na majibu

*Seli shina za korodani ni nini?*
Ni chembe zinazobaki kama mbegu ya ghalani, na kutoa mbegu za kiume.

*Nani apimwe, mtoto asipopatikana?*
Mume na mke, wote wawili, kwa wakati mmoja.

*Je, seli shina zimekwisha kuponya utasa wa wanadamu?*
Bado. Zimefaulu kwa panya na nyani. Kwa watu majaribio yameanza tu.

*Mume akigunduliwa kuwa tasa, ndoa imevunjika?*
Hapana. Ndoa ni ndoa, na mke ni mke. Watunzane, na wakitaka wampokee yatima.

*Mchimbaji afanye nini jioni?*
Aoge, aache vumbi nje, ndipo aingie kwa watoto wake.