SOMO LA AFYA: MAJI, CHUMVI NA JASHO



Vijana wetu wanapojiandaa kwa mechi na mbio, swali huja lile lile: mwenye kufanya mazoezi anywe nini? Mwezi huu na tujifunze jambo hili pamoja.

Jasho si maji matupu. Ukililamba utaonja chumvi, na chumvi hiyo, hasa sodiamu, ndiyo isaidiayo misuli na mishipa ya fahamu kufanya kazi. Lakini mazoezi hayalingani. Basi na kinywaji hakiwezi kuwa kimoja.

1. Mazoezi yasiyozidi saa moja. Maji safi yatosha. Chumvi iliyopotea itarudi kwa chakula cha jioni. Kinywaji cha dukani hapa hupunguza fedha tu.

2. Mazoezi yapitayo saa moja, kama mpira wa dakika 90 juani. Hapa sukari huwapa misuli nguvu, nayo ikiwa pamoja na chumvi husaidia utumbo kupitisha maji upesi. Mwaka 1965 Dkt. Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, waliwatengenezea wachezaji wao kinywaji cha namna hii, kikaitwa Gatorade. Nyumbani twaweza kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vikubwa 4 vya sukari, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Chumvi isizidi. Madafu nayo ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Tuyanywe pamoja na chakula chenye chumvi.

3. Mbio ndefu za saa 4 au zaidi. Hapa tuwe macho, maana wengi hudhani kunywa sana ndiyo usalama. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka mno. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Mkimbiaji mmoja alifariki. Hata kinywaji chenye chumvi hakimkingi anywaye kupita kiasi, kwa kuwa chumvi yake ni kidogo kuliko ile ya damu.

Basi tunywe tusikiapo kiu. Tujipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, uzito ukiongezeka, tumezidisha. Mkimbiaji akiumwa kichwa, akitapika na kuchanganyikiwa, tusimlazimishe maji. Apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini madafu peke yake hayatoshi baada ya jasho jingi?
(b) Mwenzako ameongezeka kilo moja baada ya mbio. Utamshauri nini?
(c) Timu yetu hucheza saa ngapi, na yahitaji kinywaji gani?