Kwa Nini Samaki wa Vizimba Hufa Alfajiri

Novemba 2022, wafugaji wa ufuo wa Ogal walikuta ngege wameelea ndani ya vizimba, matumbo juu. Si ajabu mtu akadhani ziwa limetiwa sumu. Wataalamu wa KMFRI walipopima maji walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua mno.

Samaki anahitaji oksijeni kama sisi, ila akiba yake ni ndogo. Lita moja ya hewa ya Kisumu ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa yenye joto la nyuzi 25 hushika takribani 7 tu. Ngege hutaabika zikishuka chini ya 3. Mbuta huzidiwa mapema zaidi.

Mchana, mwani ukipata jua hutoa oksijeni, na mawimbi huingiza nyingine kutoka hewani. Usiku mwani nao hupumua, sawa na samaki na vijidudu vinavyoozesha uchafu. Ziwa likiwa shwari, au gugumaji likiwa limefunika maji, kinachorudishwa ni kidogo sana. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri ni saa mbaya. Mbolea ya mashambani na maji taka ya mjini hulisha mwani huo ukazidi. Ukifa, huzama na kuoza, na maji ya chini hubaki bila oksijeni. Upepo mkali huweza kuyapindua maji hayo yakaja juu. Samaki aliye huru hukimbia. Wa kizimbani aende wapi?

Kamongo naye asikudanganye. Ana mapafu, huja juu kuvuta hewa, hata kwenye matope huishi. Kumwona mzima si dalili kwamba maji yanamfaa ngege.

Mfugaji, ukiona samaki wanatweta juu ya maji asubuhi, usiwalishe: samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi, na chakula kinachobaki huoza. Usijaze samaki kupita kiasi, na kizimba kipya kiweke penye kina na mkondo, mbali na maji taka. Mjulishe afisa wa uvuvi au BMU yako siku hiyo hiyo. Waliokufa wazikwe mbali na ufuo. Wasiuzwe, wala wasitupwe ziwani, kwani wakioza humaliza oksijeni iliyobaki kwa walio hai.