Kompyuta Inayongoja: Kukwama kwa Faili za Mtandao

Chukua mfano wa shule ya sekondari wilayani Muleba ambayo kompyuta zake hutumia faili zilizohifadhiwa katika seva iliyoko Bukoba mjini. Mwalimu anaandika alama za mitihani. Ghafla kiwambo kinaganda. Hapana tangazo la kosa. Programu haisogei, wala haikatiki abonyezapo vitufe vya kuikatiza. Je, kompyuta imeharibika?

La. Inangoja.

Chanzo cha kungoja

Mfumo wa faili za mtandao, ujulikanao kwa kifupisho NFS, ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984 kwa kompyuta zenye mfumo wa Unix. Kusudi lake ni kuifanya faili ya mbali ionekane kama ya karibu. Karani wa Muleba amtumapo tarishi kuleta jalada kutoka Bukoba, hujua kwamba tarishi yuko njiani. Programu haijui kwamba kuna safari. Kiini cha mfumo ndicho kitumacho ombi, na programu hulazwa mpaka jibu lirudi. Katika orodha ya amri ya ps, usingizi huo huonyeshwa kwa herufi D.

Katika toleo la 2 na la 3 la NFS, seva haitunzi kumbukumbu ya nani amefungua faili gani. Kila ombi hujitosheleza. Kwa hiyo umeme ukikatika Bukoba kwa nusu saa, kisha seva ikawaka tena, kompyuta ya Muleba hurudia ombi lile lile na kazi huendelea.

Kungoja au kukata tamaa

Msimamizi ana njia mbili. Akiunganisha kwa neno hard, ombi hurudiwa bila kikomo. Akitumia neno soft, baada ya majaribio kadhaa programu huarifiwa kwamba imeshindwa. Njia ya pili yaonekana nafuu, lakini si kila programu hukagua taarifa ya kosa. Alama zaweza kupotea bila mwalimu kujua. Kwa faili zinazoandikwa, subira ya njia ya kwanza ndiyo salama.

Utaratibu wa uchunguzi

1. Kompyuta isizimwe kwa kung'oa waya wa umeme.

2. Ping itumike kujua kama seva inafikika.

3. Rpcinfo itumike kujua kama huduma yenyewe inajibu, kwani mashine yaweza kuwa hai na huduma yake imekufa.

4. Taarifa za kiini zisomwe kwa dmesg. Humo huandikwa kwamba seva haijibu.

5. Orodha ya faili ikionekana lakini faili kubwa ikakwama, njia ishukiwe: huenda vifurushi vidogo vinapita na vikubwa vinapotea.

6. Seva isipotarajiwa kurudi, programu iuawe. Katika Linux, tangu toleo la 2.6.25 la mwaka 2008, ishara ya 9 huweza kuiua programu inayongoja NFS. Lakini yale ambayo hayajaandikwa hupotea pamoja nayo.

Zoezi

Faili kubwa ya majaribio ikiwa inanakiliwa kwa njia ya hard, wanafunzi wachomoe waya wa mtandao wa seva, wangoje dakika 2, kisha waurudishe. Warudie kwa soft, wakiongeza muda wa kungoja. Waeleze tofauti waliyoiona, na sababu yake.