Pikapu Hubeba Magunia Mangapi?

Wakati wa mavuno wengi wetu hapa Ufipa hukodi pikapu kupeleka mahindi Sumbawanga mjini. Kila mara huzuka ubishi. Mwenye mzigo husema, "Ongeza gunia mbili, bodi bado ina nafasi." Lakini nafasi siyo uzito. Pikapu iliyojaa alizeti na pikapu iliyojaa mahindi hazilingani. Basi, tujifunze hesabu yake.

HESABU NI YA KUTOA

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu. Tena lina uzito wa mwisho, yaani gari pamoja na vyote vilivyomo. Uzito huo huwekwa na kiwanda. Tazama kibao cha kiwanda kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Tazama pia kadi ya gari.

Tuchukue mfano. Uzito wa mwisho ni kilo 2,800. Gari tupu ni kilo 1,800.

2,800 – 1,800 = 1,000

Je, tupakie magunia 10 ya kilo 100? Hapana! Dereva na utingo nao ni mzigo. Tuseme wote wawili wana kilo 140. Zinabaki kilo 860. Kwa hiyo ni magunia 8 tu. Na yakiwa ya lumbesa, ya kilo 120 kila moja? Hayo 8 ni kilo 960. Tumezidisha kilo 100! Tena sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100.

NANI ANAAMUA?

Mzigo haubebwi na injini. Hubebwa na chesi, springi, ekseli na matairi, na breki lazima zisimamishe vyote. Kilicho dhaifu kuliko vingine ndicho kinachoamua. Wengine huongeza majani ya springi. Gari haliinami tena, nao husema limepata nguvu. Si kweli. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile.

Mzigo mzito tuuweke mbele ya ekseli ya nyuma. Ukirundikwa mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki vizuri.

KUVUTA TELA

Tuliotumia mkokoteni wa ng'ombe tunajua: mlimani ng'ombe huuvuta, mteremkoni wenyewe huwasukuma ng'ombe. Tela ni hivyo hivyo.

Kupanda kunataka nguvu ya injini na klachi. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu.

Kushuka kunataka breki. Barabara ya Ntendo kwenda Muze huteremka ukingo wa Bonde la Rukwa. Breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto, kisha hazishiki. Dereva mwenye akili huingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka. Pia, uzito wa tela unaokandamiza ndoana huhesabiwa kuwa mzigo wa pikapu.

Ndugu wasomaji, safari mbili zina gharama, lakini gari lisilosimama mteremkoni hula mahindi na watu. Tupige hesabu kabla ya kupakia.

MASWALI

1. Uzito wa mwisho ni kilo 2,600, gari tupu ni kilo 1,700, watu wana kilo 200. Tupakie magunia mangapi ya kilo 100?
2. Kwa nini kuongeza springi hakuongezi mzigo unaoruhusiwa?