Diski, kalipa na waya: kabla hujaamini breki ya mtumba

Ukipanga Likombe, kipindi cha asubuhi unakifuata kwa mguu, kwa bodaboda au kwa baiskeli. Bumu likichelewa, bodaboda inajitoa yenyewe kwenye orodha. Ndiyo maana baiskeli za mtumba zenye gia na breki za diski zinaonekana mbele ya mageto yetu. Nyingi ni imara, lakini chache zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Gurudumu la mbele limetoka huku, foku kule, mkono wa breki umechomolewa kwenye baiskeli ya tatu. Muuzaji atakwambia, "Iko sawa, breki tu kidogo." Hiyo "breki tu kidogo" ndiyo somo letu la leo.

Tuanze na hesabu ndogo ili tujue tunacheza na nini. Wewe na baiskeli yako mna kilo 80, mnakwenda kilometa 15 kwa saa. Nishati ya mwendo ni karibu jouli 700. Ukiteremka hadi kilometa 30 kwa saa, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nishati imeongezeka mara nne: karibu jouli 2,800. Zote hizo lazima zigeuke joto kwenye pedi mbili ndogo kuliko kipande cha sabuni. Kwa hiyo breki inayotosha uwanjani hapa chuoni si lazima itoshe kwenye vilima vya Mikindani, na kwenye mteremko wa kushuka Newala ndiyo usiseme.

Nitatumia mfano wa baiskeli ya jirani yangu wa geto, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aliinunua na gurudumu la mbele lililobadilishwa. Diski ilikuwa inasugua mwili wa kalipa, na mkono wa breki ulikuwa unafika hadi kwenye usukani bila baiskeli kusimama. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe, tukaikagua kipande kwa kipande kwa mpangilio huu.

Kwanza, diski na habu. Diski hufungwa kwenye habu kwa namna mbili kuu. Moja ni ya bolti sita ndogo. Nyingine ni ya meno: diski inateleza juu ya meno ya habu, kisha inabanwa na nati moja kubwa katikati. Habu ya meno inaweza kupokea diski ya bolti sita ukipata adapta yake. Ukiwa na habu ya bolti sita, tafuta diski ya bolti sita, usihangaike na nyingine. Na kama habu haina sehemu ya diski kabisa, usimruhusu mtu aichomelee. Ya jirani yangu ilikuwa ya bolti sita pande zote mbili. Hapo tukapita.

Pili, kalipa na foku. Tazama mahali kalipa inapofungwa. Kwenye foku za zamani kuna matundu mawili yanayotazama pembeni, na umbali kati yake ni milimita 51. Kwenye foku za baadaye kuna nguzo mbili fupi ambazo bolti inaingia kwa urefu wake, na umbali wake ni milimita 74. Rula ya kawaida inatosha kukuonyesha. Kalipa ya nguzo hufungwa kwenye foku ya matundu ya pembeni kwa kupitia adapta. Foku ya jirani yangu ilikuwa ya matundu ya pembeni, kalipa ya nguzo, na adapta ilikuwepo. Sasa kwa nini diski ilikuwa inasugua?

Tatu, kipimo cha diski. Diski za baiskeli hizi zina kipenyo cha milimita 160, 180 au 203, na nyinginezo. Tulipima: diski ilikuwa ya 180, adapta ilikuwa ya 160. Tofauti ya kipenyo ni milimita 20, kwa hiyo kalipa ilitakiwa kukaa milimita 10 mbali zaidi kutoka katikati ya gurudumu.

Fundi akasema, "Kijana, tuweke washa nne nne chini ya kalipa, itapanda yenyewe."

"Fundi, nakuheshimu, lakini bolti itabaki imeshika nyuzi chache tu. Ikikatika niko mteremkoni nitashika nini?"

"Utashika miguu yako," akacheka, kisha akaenda kupekua kopo lake la vyuma chakavu.

Hoja yenyewe ni hii. Ukifunga breki, diski inavuta kalipa kwa nguvu kuelekea inakozunguka. Rundo la washa huiacha bolti ndefu ikiwa uchi katikati, nayo inapinda kidogo kila unapofunga, hadi siku itakapokatika. Adapta ni kipande kimoja cha chuma kilichotengenezwa kubeba nguvu hiyo. Kwenye kopo la fundi ikatoka adapta iliyochongwa F180/R160. Herufi F ni mbele, R ni nyuma: adapta hiyohiyo mbele inabeba diski ya 180, nyuma inabeba ya 160. Soma maandishi hayo kabla ya kutoa hela.

Faida ikaja na diski kubwa: kwa nguvu ileile ya kidole, diski ya 180 inazuia gurudumu kwa asilimia 12.5 zaidi ya ile ya 160, kwa sababu mkono wa nguvu ni mrefu zaidi. Lakini foku nazo zina kikomo cha diski kilichowekwa na mtengenezaji. Usirukie 203 kwa sababu tu inapendeza.

Nne, mkono wa breki. Hapa wengi tunaliwa hela ya kalipa mpya wakati kalipa haina kosa. Kuna mikono inayovuta waya mrefu, iliyotengenezwa kwa breki za V, na mikono inayovuta waya mfupi, ya breki za zamani zaidi. Kalipa nyingi za waya za baiskeli za milimani zinataka waya mrefu. Ukizifunga na mkono wa waya mfupi, mkono unafika kwenye usukani kabla pedi hazijabana sawasawa. Pima kutoka kwenye pini ya mkono hadi pale kichwa cha waya kinapokaa: karibu milimita 20 ni waya mfupi, 30 au zaidi ni waya mrefu. Wa jirani yangu ulikuwa wa 20. Tukaubadilisha kwa mkono wa mtumba wa breki za V, na tatizo la pili likaisha.

Tano, kama breki yako ni ya mafuta, sikiliza vizuri. Kuna breki za mafuta ya madini, mfano Shimano na Magura, na kuna zinazotumia mafuta ya DOT, mfano Hayes na Hope. Mafuta ya breki yanayouzwa kwenye spea za magari ni DOT. Ukiyatia kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na kuharibika. Kinyume chake nacho ni vilevile. Angalia maandishi kwenye kifuniko cha mkono wa breki. Kama yamefutika na hujui, usijaze chochote.

Sita, pedi. Zina maumbo mengi, kwa hiyo nenda dukani na pedi ya zamani mkononi. Baadhi ya diski zimeandikwa kwamba zinataka pedi za rezini tu. Usizipe pedi za metali, zitaliwa haraka. Diski nyingi za Shimano ni nene milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika 1.5 zimekwisha. Na mafuta ya mnyororo yasiguse diski wala pedi hata tone.

Katika kupanga pedi, fundi ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwenye kalipa nyingi za waya, pedi ya nje ndiyo inayotembea, ya ndani imesimama. Alichukua vocha ya simu iliyokwisha, akaiweka kati ya diski na pedi ya ndani, akasogeza skrubu hadi vocha ikabanwa kidogo, kisha akaichomoa. Halafu akaweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, akazungusha gurudumu na kuangalia mwanga pande zote mbili. Palipopinda akapanyoosha kwa mkono, taratibu.

Kabla ya kwenda barabarani, fanya haya. Hakikisha ekseli ya mbele imebanwa sana, maana nguvu ya breki ya diski inaweza kuisukuma itoke kwenye foku. Jua mkono upi ni wa mbele: Japani na Uingereza ni wa kulia, Marekani ni wa kushoto, na mtumba unatoka kote huko. Kisha, mahali tambarare pasipo gari, kimbia polepole na ufunge mara 15 hadi 20 bila kuburuza tairi, ili pedi na diski zizoeane. Kagua bolti tena siku inayofuata. Na kwa chumvi ya bahari yetu, waya ukianza kuwa mzito ubadilishe kabla ya mvua za Novemba.

Jirani yangu sasa anawahi kipindi cha saa moja. Ukitaka kukagua ya kwako, beba rula, na kwa fundi anza na shikamoo. Kopo lake lina vitu ambavyo duka halina.