Serikali Iliyoundwa Kabla ya Ushindi

Jeshi likiisha kuikomboa nchi, kazi haikomi bunduki zinaponyamaza. Nani atawalisha watu kesho yake? Noti gani itapokewa dukani? Shauri la shamba litaamuliwa na nani? Katika vita vya 1939 hadi 1945 Waingereza waliyafikiri mambo hayo mapema. Leo twatazama mfano wa Rasi ya Malaya, kusini-mashariki ya Asia.

Wajapani walishuka huko Desemba 1941, na tarehe 15 Februari 1942 mji wa Singapore ukaanguka. Julai 1943, nchi ingali mikononi mwa adui, maofisa walikusanywa London kuutunga utawala wa baadaye. Mkuu wao alikuwa Ralph Hone, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Walitengeneza habari za mchele, polisi, mahakama na fedha. Walidhani nchi itarudishwa kwa mapigano. Lakini Wajapani walisalimu amri Agosti 1945, na majeshi yakashuka Septemba pasipo vita.

Fedha ndiyo iliyowauma watu kwanza. Noti za Wajapani, zilizoitwa noti za ndizi kwa sababu ya mgomba uliochapwa katika noti ya dola kumi, zilitangazwa kuwa si kitu. Aliyeuza mpunga wake juzi akabaki na karatasi tupu. Mchele nao ulikuwa haba, magendo yakaenea, hata watu wakauita utawala ule, kwa dhihaka, Utawala wa Magendo.

Lakini kosa kubwa halikuwa la tumbo. Mpango ulitaka majimbo tisa ya masultani, pamoja na Penang na Malacca, yawe Muungano mmoja chini ya Gavana, na Wachina na Wahindi wengi wapewe uraia. Masultani watie sahihi mikataba mipya ya kumwachia Mfalme wa Uingereza mamlaka yao. Aliyetumwa kuzitafuta sahihi hizo ni Sir Harold MacMichael, Gavana wa Tanganyika tangu 1934 hadi 1938. Alifika Oktoba 1945, na kabla ya mwaka kwisha wote tisa walikuwa wametia sahihi.

Wepesi huo una sababu. Bwana huyo huyo alipewa amri ya kuchungua mwenendo wa kila sultani siku za Wajapani, na kuamua kama atambuliwe. Tena mfano ulikuwa mbele ya macho yao: Sultani wa Selangor aliyetawazwa na Wajapani alikwisha kuondolewa na kupelekwa visiwa vya Cocos. Nani angebishana na hakimu wake? Wala raia hawakuulizwa.

Habari zilipotangazwa Januari 1946, Wamalay walighadhibika. Tarehe 1 Aprili, Gavana mpya alipoapishwa, masultani hawakuhudhuria. Mei kikaanzishwa chama cha UMNO, mkuu wake Dato Onn bin Jaafar. Serikali ikaketi upya pamoja na masultani na chama hicho, na tarehe 1 Februari 1948 Muungano ukaondolewa, likawekwa Shirikisho lililowarudishia masultani heshima na mamlaka yao. Ule Muungano ulikuwa umedumu miezi 22.